Anza na Mbuzi, Seli Itafuata

Somo langu la kwanza kuhusu ubongo pale Sericho, Kenya, lilichukua dakika arobaini, na kwa dakika thelathini kati ya hizo wanafunzi waliuona mgongo wangu tu. Nilikuwa nachora ubaoni. Nilichora seli ya neva na matawi yake, nikauvuta mkia wake mrefu hadi ukingoni mwa ubao, nikaanza kupachika majina: dendriti, aksoni, sinapsi. Nilipofika kwenye sodiamu inayoingia na potasiamu inayotoka, nikageuka. Ilikuwa saa nane mchana, bati linalia kwa joto, na watatu walikuwa wamelala fofofo. Msichana wa mstari wa mbele akainua mkono, akaniuliza kwa adabu zote: "Mwalimu, hii iko kwa mtihani?"

Haikuwa kwa mtihani. Lilikuwa darasa la likizo, la kujitolea, na waliokuja walikuwa mchanganyiko: wa Gredi ya 10 waliochagua njia ya Sayansi ya Jamii na kuagana na Baiolojia, vijana waliomaliza Kidato cha Nne miaka mitatu minne nyuma, na wawili ambao elimu yao kubwa ni ya duksi, yaani chuo cha Kurani. Mimi mwenyewe ni mwalimu wa Kiswahili na Historia. Nilitaka kuwaonjesha niurosayansi ya utambuzi, yaani sayansi inayouliza ubongo unafanyaje kazi ya kuona, kukumbuka, kuzingatia na kuamua. Nikaanza pale vitabu vinapoanzia, nikasahau kwamba vitabu hivyo vimeandikiwa mtu aliyekwisha kuijua seli.

Tangu siku hiyo nimelirudia somo hilo mara kadhaa, Sericho na vijiji vingine vya kando ya mto Ewaso Ng'iro. Kwa mwalimu au kiongozi wa vijana anayetaka kulijaribu, ushauri wangu mkubwa ni mmoja. Chukua tendo ambalo mwanafunzi amekwisha kuliona kwa macho yake, lifuate hatua kwa hatua, mpaka swali lenyewe likulazimishe kuitaja seli. Kabla ya hapo usiitaje.

Kwetu tendo hilo ni la mbuzi anayezunguka.

Anayechunga kwa miaka atakuwa amemwona. Mbuzi au kondoo huinamisha kichwa upande, hujitenga na wenzake, kisha huanza kuzunguka, upande uleule siku zote, mpaka achoke. Nilipouliza darasani mnyama huyo ana nini, kijana wa nyuma ambaye hakuwa amefungua mdomo siku mbili alijibu bila hata kuinua mkono: "Ana maji kichwani." Mwenzake akaongeza kwamba akichinjwa utakuta kifuko, laini kama puto, kimekaa ndani ya ubongo. Mwingine akasema mfupa wa hapo juu huwa mlaini, ukibonyeza unabonyea. Yote ni kweli. Kifuko hicho ni lava wa tegu aitwaye Taenia multiceps. Tegu mzima huishi ndani ya utumbo wa mbwa. Mbwa hupewa kichwa kibichi cha mnyama mgonjwa, mayai ya tegu hutoka na kinyesi chake, na mbuzi huyala pamoja na majani.

Hapo uliza swali la pili, kisha unyamaze kabisa: kwa nini anazunguka upande mmoja tu? Waache wabishane. Ukiwajibu haraka umewadhulumu. Baada ya muda atatokea mmoja wa kusema kwamba huenda kifuko kimekaa upande mmoja. Ndivyo. Mara nyingi mnyama huzunguka kuelekea upande wenye kifuko, na jicho linalopoteza kuona huwa la upande wa pili. Katika maneno hayo machache darasa limepata mambo mawili ambayo vitabu huyamalizia kurasa nyingi: kwamba sehemu tofauti za ubongo zina kazi tofauti, na kwamba njia zake hupishana, kushoto kukitawala kulia. Sasa waulize kama wana jamaa aliyepata kiharusi. Karibu kila familia inaye. Mkono uliolegea ni wa upande gani, basi ajali ilikuwa upande gani wa ubongo?

Ukifika hapo, Paul Broca si mgeni tena. Mwaka 1861, jijini Paris, daktari huyo alimpokea mgonjwa aliyeelewa anachoambiwa lakini kinywani mwake hutoka silabi moja tu, "tan". Mgonjwa alipofariki, Broca aliutazama ubongo wake na kukuta umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Nimewahi kukisimulia kisa hicho mwanzoni mwa somo, wakanitazama tu. Nilipokisimulia baada ya mbuzi, kijana mmoja akasema, "Kumbe na yeye alikuwa na kifuko chake."

Ila mbuzi huyohuyo awafundishe na tahadhari. Kuzunguka kuna sababu nyingine pia, yakiwemo maambukizi ya bakteria. Kila wanapokuja na maelezo, uliza: na nini kingine kingeweza kuleta jambo hilihili? Swali hilo ni nusu ya sayansi yenyewe. Tahadhari ya pili si ya mchezo: kamwe usipasue kichwa cha mnyama aliyekufa akiwa na tabia za ajabu. Kichaa cha mbwa huwapata pia mbuzi, ng'ombe na ngamia, na virusi vyake vimo kwenye mate na ubongo. Nenda kwa mchinjaji, nunua kichwa cha mbuzi mzima wa afya, mwombe akipasue katikati kwa shoka. Atafanya kwa mapigo mawili.

Weka vipande hivyo kwenye sinia, mezani, wanafunzi wasogee. Wataona pande mbili, mikunjo, na nyuma kidonge kilichokunjamana zaidi, serebela, kinachosaidia mwili kukaa sawa na kutembea bila kuyumba. Wataona uti wa mgongo unapotokea. Tuliazima mizani ya duka. Ubongo wa mbuzi una gramu mia moja na kitu. Kisha nikamwomba mwenye duka apime sukari kilo moja na gramu mia nne, kila mmoja aishike mkononi: huo ndio uzito wa ubongo wa mtu mzima. Ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati tunayotumia tukiwa tumepumzika. Kwa darasa la saa tisa alasiri katika mwezi wa Ramadhani, hakuna takwimu iliyowahi kuafikiwa upesi hivyo.

Siku ya pili usirudi kwenye nyama. Beba rula ya sentimita 30. Mwanafunzi mmoja aishike juu, mwenzake aweke vidole viwili wazi kwenye sifuri bila kuigusa, kisha rula iachiwe bila taarifa. Aidake. Akiidakia kwenye sentimita 15, amechukua kama sehemu 175 za elfu za sekunde. Kwenye 20, kama mia mbili. Kila mtu atataka kurudia, na wote watagundua kwamba hata bingwa hawezi kuidakia kwenye sifuri. Basi muda huo umekwenda wapi? Macho yameona, mkono ndio utakaofanya kazi, na katikati kuna kitu kinachosafiri.

Hapo tunapanga mstari. Wanafunzi ishirini, kila mmoja mkono begani mwa aliye mbele yake, macho yamefumbwa. Wa nyuma kabisa anabana bega, anayebanwa anabana la mbele, mpaka wa mwisho apaze sauti. Pima kwa saa ya simu. Wakishazoea na muda umetulia, rudieni, lakini sasa wakae chini na kila mmoja ashike kifundo cha mguu cha mwenzake. Muda utaongezeka, kwa sababu habari kutoka mguuni ina safari ndefu kuliko ya begani, karibu mita moja zaidi kwa kila mtu. Gawanya mita hizo, karibu ishirini, kwa sekunde zilizoongezeka, na darasa limejipimia lenyewe mwendo wa neva, makumi ya mita kwa sekunde. Hermann von Helmholtz alifanya hesabu ya namna hiyo mwaka 1850 kwa mguu wa chura akapata kama mita 27 kwa sekunde, ilhali mwalimu wake mwenyewe aliamini kwamba mwendo huo hautapimika kamwe. Kwa hapa kwetu, pangeni mstari wa wavulana na mstari wa wasichana, mbalimbali. Ni adabu, na pia mashindano huwafanya wapime kwa makini zaidi. Wasichana walishinda mara zote mbili. Wavulana wakadai saa ilikuwa mbovu.

Sasa ndipo seli inaitwa kwa jina. Kinachosafiri kinapita wapi? Ndani ya uzi. Uzi ni wa nini? Ni mkia wa seli moja, na mkia huo unaweza kutoka mgongoni hadi kidole cha mguu. Na kwa nini hauendi kasi ya umeme wa waya? Kwa sababu umeme wake hutengenezwa upya njiani, chumvi ikiingia na kutoka. Ile sodiamu yangu ya siku ya kwanza ilipokelewa safari hii kama mgeni aliyekuwa akisubiriwa. Hata idadi haikuwachosha: kichwani mwa mtu mmoja zimo seli za neva kama bilioni 86, hesabu iliyotolewa mwaka 2009 na watafiti wa Brazili akiwemo Suzana Herculano-Houzel, ambaye aliuyeyusha ubongo ukawa kama supu kisha akahesabu viini vya seli vilivyomo. Neno supu liliwafurahisha kuliko bilioni.

Kuhusu kumbukumbu, wale wawili wa duksi ndio walionifundisha mimi. Niliwauliza wanahifadhije sura ndefu. Hawasomi loho, ule ubao wa kuandikia aya, mara mia mfululizo, walisema. Husoma, huigeuza loho, hujaribu kutoa kichwani, wakikwama hutazama, na kesho yake hurudia ya jana kabla ya kuanza mpya. Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akachapisha mwaka 1885 kwamba tunasahau upesi mwanzoni, na kwamba marudio yaliyotenganishwa kwa siku hudumu kuliko yaliyorundikwa pamoja. Wanafunzi wengine, wenye madaftari yaliyopakwa rangi za alama kila mstari, waliwatazama wale wawili kwa macho mapya. Ukipata darasa lenye watu wa namna hiyo, waache wafundishe nusu saa. Katika jamii ya Waborana wamo pia wazee wanaohesabu siku na miezi kwa kalenda yao bila maandishi. Akipatikana mmoja, mkaribishe, mpe kiti cha mbele, wewe ukae mkekani.

Kisha simulia kisa cha Henry Molaison, taratibu, kama hadithi ya usiku. Mwaka 1953 huko Hartford, Marekani, daktari aliukata ubongo wake pande zote mbili ili kumwondolea kifafa kikali, akatoa sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo kidogo kilichopinda ambacho wataalamu wa kale walikifananisha na farasi wa baharini. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo Henry hakuweza kuweka kumbukumbu mpya. Daktari aliyemwona asubuhi alikuwa mgeni mchana. Mtafiti Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota akiitazama kwenye kioo, kazi ngumu inayompotosha kila mtu. Siku ya tatu alikuwa anaichora vizuri, huku akiapa kwamba hajawahi kuiona. Simama hapo. Uliza: basi kukumbuka ni kitu kimoja au ni vitu viwili? Leta kioo na karatasi, nao wachore. Henry alifariki mwaka 2008, na ndipo dunia ilipolijua jina lake kamili. Kwa zaidi ya miaka hamsini vitabu vilimwita H.M. tu.

Farasi huyo wa baharini ana kazi nyingine inayowahusu sana watu wa nchi tambarare. John O'Keefe aligundua mwaka 1971 kwamba kwenye hipokampasi ya panya zimo seli zinazoamka mnyama anapofika mahali fulani tu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014 pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser. Waulize mchungaji anajuaje njia ya kurudi usiku mahali ambapo mgeni haoni alama yoyote. Hapa Sericho nina mfano ambao siuachi. Mwaka 2016 ndugu wawili waliokuwa wakitafuta ngamia wao upande wa kusini mwa Sericho walikuta mawe mazito meusi kwenye ardhi isiyo na mawe. Wakajiuliza yamefikaje. Yalikuwa vipande vya kimondo, chuma na nikeli vilivyochanganyika na fuwele za olivini za rangi ya asali, zaidi ya tani mbili kwa jumla, na leo jina Sericho limo kwenye makumbusho na mikononi mwa wakusanyaji wa vimondo duniani. Inasimuliwa kwamba wazee waliyajua mawe hayo tangu utotoni, wakicheza juu yake. Jiwe ni lilelile. Ubongo hukisia kabla ya kuona, hukilinganisha kinachokuja na kilichozoeleka, na kikilingana hukipuuza. Wazee walikuwa wamekua na jiwe. Hao ndugu wawili macho yao yalikuwa yanatafuta kitu, na jiwe halikulingana na mchanga. Sijaona mfano wa umakini na mazoea unaoushinda huo kwenye kitabu chochote, na hautaki hata kwenda maabara.

Utakuja wakati atainuka mtu na kuuliza: na roho je? Usimkwepe, wala usimcheke. Kiswahili chetu kinaweka mambo moyoni, Kiborana kinataja qalbi, na hisia nzito hukaa garaa, tumboni. Mimi husema hivi: somo letu linahusu kile kinachoweza kupimwa kwa rula, saa na mashine, lisilopimika tutamwuliza sheikh, naye ana darasa lake. Kwa jibu hilo nimepata mjadala mzuri kuliko saa zote nyingine. Mwanafunzi anayedhani umekuja kumpokonya imani atafunga masikio kabla hujafika kwenye mbuzi.

Jambo ambalo singetaka mwalimu yeyote aliruke ni kifafa. Darasani mwako kuna mwenye kifafa au mwenye ndugu anayefichwa nyumbani. Mkishajua kwamba ubongo huzungumza kwa umeme, kifafa huelezeka kwa sentensi moja: seli nyingi zimewaka kwa pamoja bila mpango. Si jini, wala hakiambukizi kwa mate. Anayeanguka mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumwumiza, usimtie kijiko mdomoni, usimshikilie kwa nguvu, hesabu muda. Ukizidi dakika tano, tafuta hospitali. Dawa zipo na nyingine ni za bei nafuu. Huko Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kilichoanza mwaka 1989 kimewafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo na kuonyesha kwamba baadhi yao hubaki na matatizo ya usemi, kumbukumbu au kifafa. Kwa hiyo chandarua nacho kinaweza kuingia katika somo la utambuzi. Amina Abubakar, mmoja wa watafiti walioanzia kazi hiyo Kilifi, alishiriki kutengeneza vipimo vya ukuaji wa watoto vinavyotumia vitu ambavyo mtoto wa Pwani anavijua. Kutafsiri tu vya ng'ambo kusingetosha.

Nalo hilo la vipimo litafakari kabla hujatunga jaribio la mwisho. Robert Sternberg na wenzake walichapisha mwaka 2001 utafiti wa watoto wa kijiji kimoja upande wa Ziwa Victoria hapa Kenya. Waliojua zaidi dawa za miti shamba walielekea kupata alama za chini kwenye mitihani ya mtindo wa shule. Kijana wangu wa nyuma angefeli mtihani wa dendriti, na ndiye aliyelifungua somo zima.

Mengine nitayapitia mbio. Wataleta kutoka kwenye simu kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo: si kweli, hakuna sehemu inayokaa bure, na hata kiharusi kidogo kinaweza kuacha alama. Wataleta kwamba kuna watu wa ubongo wa kushoto na wa kulia: pande mbili hugawana baadhi ya kazi, lakini hakuna mtu anayeishi kwa upande mmoja isipokuwa yule mbuzi. Wataleta picha za ubongo zenye rangi nyekundu na njano. Waambie mashine ile hupima damu yenye oksijeni inakokimbilia, na rangi huwekwa na kompyuta baadaye. Fikra haionekani pale, kama vile moshi wa jikoni haukuambii kinachopikwa. Atakayetaka kusoma zaidi, mwombe mtu anayekwenda Isiolo amchapie kitabu cha bure kiitwacho Brain Facts, cha Society for Neuroscience. Kiingereza chake ni chepesi. Wasianze nacho lakini.

Mpango wa siku nne unatosha: mbuzi, mstari, kumbukumbu, kifafa. Fanyeni asubuhi.

Wiki tatu baada ya darasa la mwisho simu yangu ililia usiku. Alikuwa yule kijana wa nyuma. "Mwalimu, kuna mmoja wa kwetu ameanza kuzunguka. Anazungukia kushoto." Nikamwuliza jicho lipi halioni. Akasema hajui, ngoja. Nilisikia hatua zake, mbuzi wakilia zizini, mtu akiuliza kwa Kiborana anatafuta nini na tochi saa hizi. Baada ya muda akarudi kwenye simu, anahema. "La kulia," akasema. "Nimepitisha mkono mara tano, halipepesi." Nikamwambia akichinjwa, kichwa kichomwe kabisa, mbwa asikipate.